Neno Moja la Yotham

Hebu niambieni, wanangu: mmewahi kumpenda mtu kwa sikio, jicho likaja nyuma? Loisi yalimpata hayo, mwaka ule reli ya Mjerumani ilipofika Dodoma na soko likachipuka kando ya tuta lake kama uyoga baada ya mvua.

Loisi alikuwa akiuza maziwa mgando. Alijifunga kaniki mpya, shingoni shanga nyekundu na nyeupe alizotungiwa na shangazi yake Tereza, na vibuyu vyake alivipanga kivulini, kidogo mbele, kikubwa nyuma. Kila asubuhi alisikia ng'ambo ya tuta mwanamume akiimbisha. Yeye hutoa mstari, vibarua huitikia, na katika kuitikia ndipo reli huinuka. Sauti ilikuwa ndefu, ya mtu aliyekulia kuita ng'ombe walio kilima cha pili. Ilipita juu ya upepo na vumbi bila kutikisika.

Siku moja mwenye sauti akaja kunywa. Kijana mwembamba, shuka ya merikani kiunoni, nyusi zimejaa vumbi jekundu.

"Mbukwa, dada," akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa. Kwenu hawajambo? Ng'ombe nao?" Loisi akaishiwa na salamu, akabaki kumtazama. "Kumbe ndiwe!"

"Ndimi nani?"

"Unayeimbisha reli."

"Ndimi. Yotham, wa Mpwapwa."

"Aa! Kwa sauti ile nilidhani utakuwa na kitambi."

Yotham alicheka mpaka maziwa yakamtokea puani. "Basi nimekuvunja moyo."

"Sijasema. Sauti yako niliipenda kabla sijakuona. Wewe mwenyewe bado nakuangalia."

Aliyasema kwa mzaha, lakini Yotham aliondoka nayo yote. Tangu hapo kila mapumziko alikuja kwa Loisi, akapita wauza maziwa wengine bila kugeuka, na kila alipokuja alikuwa na swali alilotaka kumuuliza, akalimeza pamoja na maziwa.

Kiangazi kikaingia na upepo wake. Nyapara akawa na haraka, na Yotham akaimba tangu alfajiri koo kavu, vumbi likimwingia mdomoni, moshi wa garimoshi la kokoto ukimpulizia usoni. Jioni sauti ilikwaruza. Kesho yake ikakatika. Hapo akafanya kosa la wengi: akawa ananong'ona kutwa nzima, akidhani anaipumzisha. Lakini kunong'ona kwa nguvu nako hukaza koo, na baada ya siku chache ukabaki upepo mtupu.

Angeendaje kwa Loisi hivyo? Alichopendewa ni sauti, na sauti ndiyo hiyo haipo. Basi akamchukua rafiki yake Silvano, aende amjibie salamu.

"Mbukwa, Yotham," alisema Loisi.

"Mbukwa," akajibu Silvano.

"Kwenu hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Ng'ombe?"

"Wanakula."

Loisi akaweka kata chini. "Silvano, nimekusalimu wewe?"

"Namsaidia tu, dada."

"Kwetu, anayejibu salamu kwa kinywa cha mwenzake ni mtemi au ni maiti. Muulize yeye ni yupi."

Yotham alifungua mdomo, akaufunga, akatazama miguu yake.

"Haya! Maziwa mkanywe kwingine!"

Siku zilizofuata Loisi alijifanya hasikilizi tuta. Mara asubuhi moja akasikia mtu mwingine akiimbisha, sauti kama mbuzi aliyeachwa nje ya zizi. Vibarua waliangua kicheko, wengine wakainua mapema, wengine wakachelewa, reli ikaanguka kwa kishindo. Loisi akaacha vibuyu vyake akapanda tuta mbio.

Mwimbishaji alikuwa Silvano.

"Yotham yuko wapi?"

"Yule pale, anabeba kokoto. Sauti imekatika, dada. Hata kikohozi chake hakisikiki."

"Na hukuniambia?"

"Alinikataza. Kwa vidole! Anasema ulipenda sauti, na sasa hana cha kukuletea."

Loisi alimfuata Yotham, akajishika kiuno. "Mjinga wangu wewe! Njoo hapa ukae. Na usininong'oneze!"

Alijua la kufanya, maana Tereza huimbisha ngoma za mavuno na kila mwaka koo humfunga. Kwanza kimya kabisa. Maji ya vuguvugu kidogo kidogo kutwa, na ugoro marufuku. Mapumziko yakifika, anajifunika nguo juu ya chungu cha mvuke. Koo lilipolegea, akampa mrija wa kunywea pombe, ncha ndani ya kibuyu cha maji, avumishe "uuu" polepole hadi maji yatokote kwa mapovu.

Mwantum, mama wa Kondoa aliyeuza vitunguu jirani, akachungulia. "Loisi, mwanangu, umeanza kufuga chura?"

"Shikamoo, mama. Ni wangu, usimcheke."

Yotham akakosea, akavuta badala ya kupuliza, akapaliwa.

Sauti ikaanza kurudi, ila si ile ndefu. Hii ilikaa chini, nzito, na mkwaruzo kidogo. Loisi akailinda kama mbegu ya mwisho ghalani.

"Leo nakupa neno moja. Chagua vizuri," alisema, akafumba macho, akisubiri jina lake.

"Moto!"

"Ndilo ulilochagua?"

Yotham akaruka, akaupiga kwa viganja upindo wa kaniki ya Loisi uliokuwa ukifuka moshi kwenye makaa ya chungu. Mwantum alicheka hadi akakalia vitunguu.

"Haya, hilo silihesabu," alisema Loisi, akipangusa machozi ya kicheko. "Nakupa lingine."

Yotham hakucheka. Alionyesha koo lake, akaonyesha tuta, akatikisa kichwa: kule sitaimbisha tena. Akavuta pumzi hadi tumboni, bila kukaza shingo.

"Nikuoe?"

Loisi akaketi karibu naye, upindo wa kaniki bado ukinuka moshi.

"Koo langu ni zima siku zote hizi," akasema, "nami nazunguka tu na mizaha. Nakupenda wewe, Yotham. Wewe mwenyewe. Nioe."