Shorobo Aliyeogeshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi, kabla watu wa nyumbani kwao hawajaanza kugombania bafu, Kiherehere alikwenda uani, kwenye kizimba, kumlisha shorobo. Ndege huyo aliletwa akiwa na mguu uliovunjika, akatibiwa na shangazi wa Kiherehere, daktari wa wanyama. Sasa alikuwa amepona na jioni angerudishwa msituni. Sharti la shangazi lilikuwa moja: "Mpe matunda na maji tu. Usimshike."

Na alikuwa ndege kweli! Wa kijani, mwenye kishungi kichwani, akikimbia juu ya kijiti kama panya na kumeza tini nzimanzima. Akikunjua mbawa, ndani zilikuwa nyekundu kama pilipili iliyoiva.

Siku hiyo manyoya yake yalikuwa yamegandwa na papai.

"Aende kwao mchafu hivi? Ndugu zake watasema tulimlaza jalalani!" alisema Kiherehere. Akachota beseni la maji, akatia sabuni ya unga, akaanza kumwogesha. Maji yakageuka mekundu.

"Binamu, njoo! Anatoka damu!"

Binamu yake alichungulia beseni, akashika kichwa. "Umeua! Mwaga maji, mrudishe kizimbani. Ukiulizwa, sema paka."

"Paka yupi? Sisi hatuna paka."

"Wa jirani! Yule hana wa kumtetea."

Shorobo alikuwa akitetemeka. Kiherehere alimtazama, kisha akamfunika kwa taulo na kukimbia naye hadi kliniki ya shangazi, ng'ambo ya barabara.

"Shangazi, nimemwogesha kwa sabuni, anatoka damu. Ni mimi, si paka."

"Paka gani tena?" Shangazi alikunjua ubawa chini ya taa, akapekua manyoya polepole. Hakukuwa na jeraha. "Hii si damu, mwanangu. Ni rangi ya manyoya yake. Ikikutana na sabuni huyeyuka. Yakiota mapya, wekundu utarudi."

Kiherehere alijibwaga sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Inuka, bado! Lete maji ya uvuguvugu. Sabuni imemwondolea mafuta yanayomkinga na baridi."

Walimsuuza, wakamkausha karibu na taa. Mtetemo ukapungua, ukaisha. Shorobo akanyoosha shingo, akadokoa tini mkononi mwa Kiherehere.

"Leo haendi popote," alisema shangazi. "Atakaa mpaka manyoya yawe sawa. Nawe utafua taulo hili, maana nilikukataza kumshika ukamshika."

"Nitafua hata mapazia, shangazi!"

Shangazi alicheka, akamvuta karibu. "Sikiliza. Ungemrudisha kizimbani akiwa amelowa vile, baridi ingemuua, nasi tungekuwa tunamsaka paka. Kosa unalolisema mapema hupata dawa. Mficha maradhi, kifo humuumbua."