Kisima cha Shule ya Saetgol

Bibi Pyo alirudisha diski mchana, akaiweka juu ya kaunta kwa ncha za vidole. Alisema nyimbo hazisikiki, picha zinapita kimya. Ila moja. Ikifika picha ya kisima, mtoto anaongea.

"Anauliza In-suk anakaa wapi," alisema kwa sauti ya chini. "In-suk ndiye nani?"

In-suk ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika studio ya picha ya Bi Gwak, mjini Yeongju. Shule ya kijiji cha Saetgol ilikuwa imefungwa kwa kukosa watoto, na waliosoma hapo wakaagiza diski za kumbukumbu: picha za slaidi zenye nyimbo za shule, kila mtu nakala yake. In-suk alizitengeneza akiwa kama gogo. Tangu amzike mama yake hakuwa amelia wala kukasirika, na chakula hakikuwa na ladha. Bi Gwak alizoea kumtania kwamba akishikwa na moto mguuni, atauliza ni mguu wa nani.

Kosa la nyimbo alilijua mara moja. Hakuzitia ndani ya diski; slaidi zilikuwa bado zinazitafuta kwenye kompyuta yake, katika folda aliyoipa jina lake mwenyewe. Kwenye mashine ya mtu mwingine njia ile ya kuelekea kwenye folda haikufika popote. Lakini picha ya kisima hakuiwekea sauti yoyote.

Wiki hiyo wengine nao wakaja. Kinyozi alisema mbwa wake amehama nyumba. Mke wa muuza tofu alisema sebule inanuka kisima, na alichosikia hakutaka kukirudia. Wote walimtazama In-suk usoni, kisha wakaangalia pembeni. Yeye aliwasikiliza kana kwamba wanazungumzia mtu wa mkoa mwingine.

Akakaa kuziunga upya diski. Alikusanya nyimbo zote katika folda moja na slaidi, akafuta ile njia ndefu akaacha majina ya mafaili peke yake, ili kila kitu kitafutwe humo humo ndani ya diski. Akanakili yote kwenye diski mpya, akaijaribu kwenye kompyuta ya Bi Gwak. Nyimbo zilisikika. Bi Gwak aliimba nazo huku akimenya chenza.

Ikaja picha ya kisima, na wimbo ukakatika, na chumba kikaanza kunuka maji yaliyolala, harufu ya kuvu na majani yaliyooza ikapanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye nguo, ikaingia hata kwenye chenza mdomoni mwa Bi Gwak, na skrini ikafanya ukungu kwa ndani kama kioo kinachopumuliwa, na kutoka katikati ya ukungu ule ikaja sauti ndogo, iliyo karibu mno, ambayo haikuuliza tena kitu.

"Nimefika," ilisema.

Mganga waliyemwita, mama mmoja aliyeitwa Tak, hakutaka kuketi. Alieleza kwamba zamani mtoto alizama katika kisima kile, na pepo wake alikuwa akitangatanga kwenye njia iliyokatika.

"Sasa mmempa nyumba ndani ya diski. Atakayeichukua, anakwenda naye kwake."

Bi Gwak aliuliza kama diski zikivunjwa haitoshi.

"Atachagua mwenyewe pa kukaa. Mrudishieni njia ya zamani. Ila mwisho wa njia lazima awepo mtu wa kumpokea."

"Mimi," alisema In-suk.

"Mdogo wangu, una akili kweli?" Bi Gwak alimuuliza.

"Wenzangu wana watoto, dada. Mimi sihisi kitu."

Basi In-suk akaiunga tena picha ya kisima na folda yenye jina lake, akaipeleka kompyuta nyumbani kwake, na mganga akaifunika kitambaa cheupe na kuipigia ngoma mpaka jasho likamtoka. Wateja walipewa diski zisizo na picha ile. Hakuna aliyelalamika tena.

Siku ya mwaka mpya Bi Gwak alimpelekea supu ya keki za mchele. In-suk alimfungulia, akaketi sakafuni kando ya mashine, ambayo bado ilikuwa imefunikwa kitambaa. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa. Bi Gwak alimuuliza kwa kunong'ona kama analala vizuri, na kama amemlilia mama yake walau kidogo.

 In-suk alilivuta bakuli kwa mikono miwili, akaanza kuokota keki kwa vidole na kuzisukumia mdomoni, supu ikimtiririka kidevuni, kama mtoto ambaye hajalishwa muda mrefu.

"Mwache ale, dada," ilisema sauti ya In-suk kutoka chini ya kitambaa. "Mimi sina njaa."