Ushuru wa Mkaa na Pasi ya Mama

Siku mama alipotutoka, bati la banda letu la udobi lilikuwa likilia kwa joto. Asubuhi alinisuka nywele, akaniambia, "Ukivuka barabara, tazama huku na huku." Mchana niliporudi kutoka shule nilikuta shati jeupe limelazwa mezani, upande mmoja umenyooka, upande wa pili una mikunjo. Pasi ya mkaa ilikuwa kando, bado ya moto. Majirani walikuwa wamemkimbiza mama hospitali. Hakurudi.

Daktari alimweleza baba kwamba moyo wa mama ulikuwa dhaifu kwa muda mrefu. Joto la banda huenda lilichangia, huenda halikuchangia sana. Zaidi ya hapo hakuweza kusema. Hiyo "huenda" iliniingia kichwani, ikakataa kutoka.

Tulipofungua shule, mwalimu wa sayansi alitangaza mdahalo: "Ushuru wa mkaa upandishwe." Tuligawanywa kwa kuokota vikaratasi. Mimi nikaangukia upande wa kuunga mkono, na darasa zima likacheka. Kila mtu alijua pasi za baba zinakula mkaa.

"Leo mtoto wa dobi anamkaanga baba yake!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma.

Jioni nilimuuliza baba kama kweli dunia inazidi kupata joto.

"Kweli," akasema huku akipuliza makaa. "Hata mimi naliona."

"Basi ushuru upandishwe?"

"Ukipanda, bei ya mkaa nayo inapanda. Nikiongeza bei ya kunyoosha, wateja watanyoosha wenyewe nyumbani. Tutakula mikunjo?"

"Kwa hiyo usipandishwe?"

Baba akakuna kichwa. "Miti nayo inakwisha, mwanangu. Usiniulize mimi. Mwenzio kichwa kinaniuma."

Nikazidi kuchanganyikiwa. Kitabu chetu kilisema joto la dunia limepimwa kwa miaka mingi na linapanda, na kwamba moshi wa viwanda na magari, pamoja na ukataji wa misitu, ndivyo vinavyolipandisha. Hapo sikuona cha kubishania. Kilichonitatiza ni nani alipe, na kwa nini dobi mwenye pasi mbili aanze kabla ya mwenye kiwanda.

Rafiki yangu, tuliyemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa upande wangu.

"Unajihangaisha bure, shoga," akaniambia. "Simama useme mama yako aliuawa na mabadiliko ya tabianchi. Nani atakubishia? Watalia wote, na sisi tumeshinda."

"Lakini daktari alisema huenda."

"Huenda haishindi mdahalo!"

Nilijaribu sentensi ile mbele ya kioo. Ilikuwa tamu mdomoni. Ilinipa, kwa mara ya kwanza, kitu cha kulaumu.

Siku ya mdahalo nilisimama nikasema, "Mama yangu..." Darasa likanigeukia, hata yule wa nyuma. Redio akanikonyeza. Nikalikumbuka lile shati jeupe, nikaiacha ile sentensi.

"Mama yangu alifariki siku ya joto kali," nikasema. "Sijui kama joto ndilo lililomuua. Daktari pia hajui. Ninachojua ni kwamba siku za joto kali zinaongezeka, kwa sababu hilo limepimwa. Ushuru ukipandishwa, pesa zake ziwasaidie wanaotumia mkaa wapate nishati nyingine. La sivyo, mzigo wote utawaangukia watu kama baba yangu."

Tulishindwa. Redio alininunia mpaka getini.

Mwalimu akaniita. "Nilikuona umekaribia kusema joto lilimuua. Mbona uliacha?"

"Kwa sababu sijui, mwalimu. Na bado sijui."

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa pindo la shati.

"Mtu yeyote anayepima mambo kwa uaminifu hufika hapo," akasema. "Siku moja ya joto haithibitishi kitu, na siku moja ya baridi haikanushi kitu. Tunatazama miaka mingi. Kilichopimwa, kiseme bila woga. Usichokijua, kiri hukijui. Ukitia chumvi hata kwenye jambo la kweli, kesho watu watalikataa lote. Ila kutojua jambo moja kusikufanye ukae bure." Kisha akauliza, "Banda la baba yako lina dirisha?"

"Halina."

Akairudisha miwani usoni. Nilimfikishia baba swali hilo, akaenda kuupima ukuta wa banda kwa shubiri. Jumamosi tulikata dirisha kwenye ukuta wa bati, tukaisogeza meza mlangoni.

Ushuru wa mkaa bado unabishaniwa. Baba bado anapuliza makaa. Jua likifika utosini, tunaweka pasi chini, tunakaa nje kivulini mpaka upepo uanze.