Kiganja cha Mama Ukutani

Stendi ya Nachingwea ilifurika siku hiyo. Huzaifa, fundi rangi kutoka Ruangwa, alishuka kwenye basi na ndoo yenye mfuniko uliolegea, na rangi nyeupe ikaishia kwenye baibui la Kulthumu, mshonaji asiye na uvumilivu.

“We kaka, mimi ukuta?”

“Ungekuwa ukuta nisingekosea hivi. Nipe namba, nije kukuomba radhi vizuri.”

Radhi ikaombwa kwa simu kila jioni, hadi ikawa mapenzi.

Kilichomleta Huzaifa ni kiwanda cha korosho kilichokufa zamani, kinachogeuzwa ukumbi wa watu wote, wenye maktaba na sehemu ya harusi. Jua likizama mafundi walikikimbia. Walisema wanasikia wanawake wakibangua korosho.

Ukuta wa ndani ulijaa alama nyeusi za viganja. Wabanguaji walijifutia hapo mafuta makali ya maganda. Kiganja chenye gumba lililopinda kilikuwa cha marehemu mama yake Kulthumu, ambaye hakuacha hata picha. Kulthumu alizoea kwenda kuongea nacho, lakini hakumwambia Huzaifa. Aliona haya, asije akaitwa mwendawazimu.

Alhamisi akaukuta ukuta mweupe.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi, mpenzi. Umependeza, eti?”

“Umemzika mama yangu mara ya pili! Kile chenye gumba lililopinda kilikuwa kiganja chake!”

Akaondoka akilia, na simu ya Huzaifa hakuipokea tena. Huyo kijana alikonda, masikini, chakula kikamshinda.

Mvua za kwanza ziliponyesha, viganja vikatokeza juu ya rangi. Huzaifa alijua mafuta ya korosho hayafichiki, lakini nywele zilimsimama: cha kwanza kutokeza kilikuwa cha gumba lililopinda. Msimamizi akaamuru plasta.

“Sigusi tena, bosi. Nifukuze.”

Akafukuzwa. Akaazima simu ya mama ntilie.

“Kulthumu, amerudi.”

Alikuja mbio, kanga begani, akakumbatia ukuta, halafu akamkumbatia Huzaifa.

“Nilitaka kuleta posa,” Huzaifa akasema. “Sijui niilete kwa nani.”

“Mama mwenyewe si huyu hapa?”

Huzaifa akavua viatu, akausogelea ukuta. Hakucheka.

“Hodi, mama. Nimekuja kumposa binti yako.”

Posa haijibiwi na binti, wote wawili walilijua hilo.

“Karibu, mwanangu,” kinywa cha Kulthumu kikajibu, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameisikia tangu utotoni.