Siku Esnath Alipompa Mgongo Diwani

Soko la Tukuyu mvua ikinyesha halina mgeni wala mwenyeji, wote hukimbilia baraza iliyo karibu. Ndivyo Ambwene alivyojikuta kwenye baraza ya fundi cherehani asiyemjua, amekumbatia kreti la parachichi, viatu vyake vyeupe vimegeuka rangi ya tope.

Fundi mwenyewe alikuwa msichana wa sweta ya kijani na sketi ya kitenge, pini kadhaa amezichomeka kifuani. Alimtazama viatu, akamtazama uso, akarudi kwenye viatu.

"Kaka, umetoka Dar leo?"

"Jana. Umejuaje?"

"Viatu vimekusemea. Hapa hata bwana harusi anavaa gambuti mpaka mlango wa kanisa."

"Basi nifundishe, mwalimu. Unaitwa nani?"

"Esnath. Na kreti lako linalowanisha gauni la mteja wangu, lisogeze."

Akalisogeza. Mvua ya Tukuyu haina haraka, na siku ile tuishukuru, maana ilipokatika walikuwa wamekula parachichi mbili kwa kijiko kimoja na kupeana namba za simu. Ambwene alikuwa mzaliwa wa hapo hapo, ila alilelewa na mjomba wake Dar es Salaam tangu akiwa mdogo. Sasa alikuwa amerudi kununua parachichi za wakulima na kukaa na baba yake. Kinyakyusa chake kiliishia kwenye *ugonile* na *ndaga*, yaani salamu na asante, na hata hizo alizitamka kwa lafudhi ya pwani.

Ah, miezi ile! Si zamani, lakini nikiikumbuka naiona mbali. Jioni ukungu ukishuka kutoka Mlima Rungwe, ungewakuta wawili hao wanateremka njia ya migomba kwenda Chemchemi ya Mianzi, mahindi ya kuchoma mkononi, wanachekana. Chemchemi hiyo ilikuwa ya watu wote. Bibi zetu walichota pale, sisi tuliogeshwa pale, na mianzi yake ilijenga vibanda vya nusu ya mji. Haikuwa na mwenyewe, na kwa sababu hiyo ilianza kufa. Watu walikata mianzi bila kupanda, wakafua juu ya jicho la maji, wakamwaga taka. Ndipo kata ikaunda kamati, nusu viongozi, nusu vijana, itunge sheria ndogo ya kuilinda.

Upande wa viongozi alikaa diwani, Mzee Ambindwile, mwenye nyusi nene na sauti ya kuamsha waliolala ibada nzima. Msemaji wa vijana alikuwa Esnath.

"Tuweke uzio na kufuli," alisema mzee katika kikao cha kwanza. "Nilikunywa maji yale kwa kiganja nikiwa mtoto. Sitaki wajukuu wangu wayakute tope."

"Mheshimiwa, maji yenye kufuli yana mwenyewe," Esnath alijibu, macho kwa macho. "Na mwenye ufunguo akilala, sisi tunywe nini?"

"Binti, unanibishia mimi?"

"Naibishia kufuli, baba."

Kikao kilicheka, na mzee naye akacheka kwa kujizuia. Tangu hapo waliwindana kwa hoja, kikao baada ya kikao. Mzee alimfundisha sheria inavyoandikwa ili isitupwe na halmashauri. Binti alimpeleka kwa miguu akaone wafuaji wanavyokosa pa kufulia. Mzee alianza kuvisubiri vikao vile. Nyumbani alikuwa akisema peke yake, "Kale katoto kana kichwa!"

Nadhani umeshang'amua. Mzee huyo ndiye baba yake Ambwene.

"Kipenzi," Ambwene alimpigia simu Ijumaa moja, "Jumapili nakupeleka nyumbani. Nimechoka kukuficha."

Esnath alisimamisha cherehani. "Niende kama nani?"

"Kama wewe! Kwani kuna Esnath mwingine?"

"Sawa. Nitakuja kama mimi."

Alikuja na gauni la zambarau alilolishona mwenyewe, nywele kazisuka, kapendeza mpaka jirani wakachungulia. Mzee Ambindwile alipoingia sebuleni, Esnath alisimama wima, akampa mkono, akamtazama usoni. Kabla chai haijamiminwa walikuwa wameshaanza kubishana juu ya mahali pa kufulia. Wali na maharage vilipoa mezani. Ambwene alifurahi moyo ukamjaa, akaona wamependana, kazi imekwisha.

Mgeni alipoondoka, Shangazi Winfrida, dada yake mzee, alimvuta kijana jikoni.

"Mwanangu, pole. Umekataliwa."

"Nimekataliwa? Shangazi, si umeona walivyocheka?"

"Ndiyo hicho nilichokiona. Sisi Wanyakyusa, msichana anayetaka kuolewa nyumba hii hamtazami baba mkwe usoni. Hampi mkono. Akikutana naye njiani, anajifunika na kuingia migombani mpaka mzee apite. Ndiyo heshima ya mkwe. Wa siku hizi wengi wameiacha, lakini Esnath kalelewa na bibi yake, anaijua. Yule kaja kuaga."

Ambwene hakungoja kulipambanua jambo. Alipiga simu pale pale.

"Esnath, unaijua desturi ya baba mkwe?"

"Naijua. Bibi kanilea nayo."

"Na leo ulimpa baba mkono ukijua?"

"Nikijua, ndiyo. Ambwene, nisikilize, kwa sababu..."

Ambwene akakata simu. Esnath alipojaribu kumpigia, ilikuwa imezimwa. Asubuhi iliyofuata kijana alipanda gari kwenda Njombe, akasema msimu wa parachichi ndiko uliko.

Hasira hasara, na hasira ya mtu mwenye haya ni hasara mbili. Ambwene huko Njombe alikuwa anapima parachichi huku anaona sweta ya kijani kila baraza. Esnath naye alikuwa na kiburi chake. Alisema moyoni, mtu asiyengoja neno moja limalizike atangoja nini katika ndoa? Lakini usiku huo na mwingine mto wake ulilowa. Cherehani ilimwendea kombo, akakata mkono wa gauni mara mbili, jambo lisilokuwa lake.

Kamati iliendelea. Mzee aliona binti amekonda, akajua kuna jambo, ila hakuuliza. Waliendelea kubishana, tena kwa upole zaidi, na hatimaye wakakutana katikati. Hakuna kufuli. Jicho la maji lizungushiwe mianzi hai, mabirika ya kufulia yajengwe chini, anayekata mwanzi apande mwingine, na vijana na kata wasimamie pamoja.

Siku ya mkutano wa hadhara pale chemchemini, wa kuipitisha rasimu, mzee alimpigia mwanawe. "Njoo umwone baba yako anavyoshindwa na mtoto wa kike."

"Baba, nina kazi."

"Kazi iache. Njoo."

Alikuja, akasimama nyuma kabisa ya umati, chini ya mianzi, safari hii amevaa gambuti. Esnath alikuwa mbele anasoma rasimu, na begani ana kanga ya zamani ya bibi yake, imefifia rangi. Mikono ikanyooshwa, mingi kuliko iliyotarajiwa, na mwenyekiti akatangaza kwamba kamati imemaliza kazi yake, sasa rasimu inakwenda halmashauri.

Hapo Mzee Ambindwile alishuka njia ya migomba kumfuata Esnath, tabasamu pana, mkono ameutanguliza. "Binti yangu, lete mkono! Umenishinda kwa haki."

Esnath aliutazama mkono ule. Alimtazama mzee usoni, akamtazama vizuri, nyusi zile nene, jicho lile la utani. Kisha akaivuta kanga kichwani, akajifunika uso, akampa mgongo, akatoka njiani na kuingia migombani.

Vijana walidhani amemdharau diwani hadharani. Wa kwanza kuelewa alikuwa Shangazi Winfrida. Alitoa kigelegele ambacho hukudhani mtu wa rika lake ana pumzi za kukitoa, na akina mama wakakipokea chote. Mzee alibaki na mkono hewani, akaelewa, akaurudisha taratibu kifuani.

"Ee tata, baba wee," alisema. "Kumbe nimeshinda mimi." Akageuka, akafuata njia nyingine.

Simu ya Esnath iliita kule migombani.

"Uko wapi?" aliuliza Ambwene.

"Si unaniona? Baba amepita?"

"Amepita. Mpenzi, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikata simu. Nilikuwa nasema, kwa sababu kamati haijaisha. Ningejifunika siku ile, ningekwenda vikaoni nimempa mgongo baba mkwe wangu. Nani angeisemea chemchemi?"

"Nisamehe. Mimi ni mjinga wa viatu vyeupe."

"Hilo nalijua tangu sokoni."

"Basi umenijibu hata sijauliza."

"Si uulize, babu we! Nyasi zinaniwasha."

Aliuliza. Alikwenda kuuliza kule kule migombani, na jibu lake hatukulisikia, ila walitoka wote wawili wana majani kichwani.

Walioana baada ya mavuno. Mianzi imerudi kuwa minene, na mtoto anayekwenda kuchota leo hajui kwamba mahali pale palikaribia kufungwa. Lakini kila kitu kina bei yake. Msemaji wa vijana sasa ni mwingine, na Esnath hajamtazama tena mzee usoni. Watu wamemwambia desturi hiyo imepitwa na wakati. Anajibu kwamba aliichagua mwenyewe mbele ya mji mzima, haichagui nusu. Vikao vile anavikumbuka.

Asubuhi nyingine, akiwa ameinama kwenye maji, husikia kikohozi njia ya juu. Ni mzee anapiga hodi ili mkaza mwana apate nafasi ya kugeuka. Esnath hujifunika na kumpa mgongo. Mzee naye husimama, akaiambia mianzi kwa sauti kubwa:

"Mianzi, nasikia kuna watu wanataka mabirika yaongezwe! Waambieni hayaongezwi!"

Naye Esnath, ameyainamia maji, anatabasamu chini ya kanga:

"Maji, mwambieni baba yataongezwa!"

Na hubishana hivyo mpaka ndoo ijae.