Volti Mbili kwa Simu

Gari la kwenda Niania lilikuwa limekwisha kuanza kusogea. Fabrice alikaa juu ya magunia, shati la bluu limepigwa pasi kama la bwana arusi. Honorine, muchumba wake wa mutaa wa Saio, alilitazama shati hilo kwa jicho baya.

"Unamupambia nani, papa?"

"Chérie! Ninaenda kufundisha chimie trimestre moja tu, miezi mitatu. Nikirudi, wazee wataongea mambo ya mahari."

"Kama nitakubali."

Gari lilipopotea vumbini, simu ya Fabrice ikalia ndani ya mukoba wa Honorine. Alikuwa amemushikia, wote wakasahau. Kwenye kioo: "Clémence Niania." Kumbe ndiye yule ambaye Fabrice ananong'onezana naye kwa simu kila magaribi! Akapokea.

"Prof, uko njiani? Niko nakungoya," sauti ikasema, laini.

"Mimi ni muchumba wake. Weye nani?"

"Mwanafunzi wake, mama. Ananifundishaka kwa simu, juu ya Examen d'État, mutihani wa kumaliza sekondari."

"Wote wanasemaka hivyo." Honorine naye alisoma kemia, chimie hiyo hiyo ya Fabrice. "Basi nipigie hesabu ya pile, betri ile ya aluminiamu na shaba. Aluminiamu moins 1,66, chini ya sifuri. Shaba plus 0,34. Inatoa volti ngapi?"

Honorine akasikia karatasi zikifunuliwa. *Anauliza mutu*, akawaza.

"4,34, mama."

"Umeipata namna gani?"

"Elektroni zilingane: shaba mara tatu, aluminiamu mara mbili. Nikazidisha na volti zake, kisha nikatoa ya anodi, aluminiamu, kwa ya katodi, shaba."

Honorine akaangua kicheko, watu wa kituo wakageuka. Mwongo angekata simu, ama angetaja jibu la kitabuni. Kosa kama hilo analifanya tu mutu aliyetoa jasho kwenye somo. Hata yeye alilipatia sifuri zamani.

"Elektroni zidisha, mutoto. Volti usiguse! 0,34 toa moins 1,66: mbili, basi."

"Aa! Ndiyo maana prof ananigombezaka! Anasema Honorine wake angeiona mara moja."

Jioni Fabrice akamupigia Honorine kwa simu ya shoferi.

"Bébé, umekasirika?"

"Shati lile?"

"La kumusalimia préfet wa masomo, mukubwa wa shule!"

"Hm. Waambie wazee wako waje. Lakini nitamuuliza huyo préfet."

Alimuuliza kweli, naye préfet akalikumbuka shati hilo. Fabrice alirudi, mahari ikatolewa, wakafunga ndoa. Clémence alipita mutihani kwa shida, sasa anauza dawa Niania. Préfet alihamishwa. Honorine na Fabrice wanakaa mutaa wa Ngezi, wana mutoto mumoja.