Nati Iliyofungwa kwa Vidole

Kila Jumamosi, akitoka madrasa, Yusra alifagia kibanda cha mjomba wake Nurdini, fundi baiskeli wa mtaa wa Kikuyu, mjini Dodoma. Alipanga spana kwa namba, kisha akachomoa miiba kwenye matairi yaliyoletwa. Mjomba alikuwa na sharti moja: aliyeitengeneza baiskeli ndiye anayeipanda kwanza, hadi kwenye kona na kurudi, ndipo mwenyewe akabidhiwe.

"Kama wewe unaogopa kuipanda," alizoea kusema, "mwenzio utampaje?"

Tangu likizo ianze, Yusra na rafiki yake Violeth walikuwa wakijifunza kupanda vilima kwa baiskeli za gia. Ya Violeth ilikuwa mpya, aliyonunuliwa na mama yake, mtumishi wa wizara moja kule Mtumba. Ya Yusra mjomba aliiunga kwa vipande vya nyingine tatu. Walikwenda kwenye kilima cha mawe upande wa Zuzu, wakapanda wakihema, wakashuka wakicheka.

"Hiyo yako inalia kama mbuzi," Violeth alimtania.

"Na mbuzi huyu anakuacha kila kona."

Asubuhi moja waya wa breki ya mbele ya Violeth ulilegea. Mjomba alikuwa ameenda kununua vipuri.

"Tumsubiri," Violeth alisema.

"Jua litatukuta njiani. Kwani mimi si fundi? Lete hapa."

Yusra aliuvuta waya, akafunga nati kwa vidole. Spana namba kumi hakuiona, na hakutaka kuitafuta. Kuipanda hadi kwenye kona hakuipanda.

"Iko safi," alisema.

Violeth alitangulia kushuka kilima. Katikati ya mteremko Yusra alimsikia akiita, "Haishiki. Yusra, haishiki." Breki ya nyuma peke yake haikutosha. Gurudumu liliteleza kwenye changarawe, na Violeth akaangukia mawe. Alivunjika mkono na kung'oka jino la mbele.

Hospitalini mama yake alimgombeza huku akimfuta machozi. "Nimekwambia mara ngapi usiende mbio? Mkono ukipona, baiskeli naiuza."

"Labda nilibana breki vibaya," Violeth alisema, akiutazama mkono wake uliofungwa hogo la plasta.

Yusra alitazama sakafu. Ile nati hakuitaja.

Kwa wiki mbili alimpelekea zabibu. Kila mara Violeth alimwambia asante, na kila asante ilimchoma.

Kisha Mama Violeth akaleta baiskeli kibandani ikarekebishwe, ipate mnunuzi. Alipoondoka, mjomba aligusa nati ya breki. Ilizunguka kwa kidole kimoja. Akakaa kwenye kigoda, mikono yake yenye grisi juu ya magoti.

"Mwezi uliopita breki hii niliifunga mimi," alisema polepole. "Kumbe ni mimi niliyemvunja mtoto wa watu. Jioni nitakwenda kwao kuomba radhi."

Yusra angeweza kunyamaza tena.

"Si wewe, mjomba. Niliifungua mimi, na sikuikaza."

Jioni walikwenda pamoja, wakiirudisha baiskeli. Mama Violeth alimsikiliza Yusra hadi mwisho, kisha akamgeukia binti yake. "Nimekugombeza bure, mwanangu. Nisamehe. Baiskeli siiuzi."

Violeth alimtazama Yusra. "Ya breki ningekusamehe palepale hospitalini. Lakini wiki mbili najiona mjinga, na wewe unaniletea zabibu."

Hogo lilipotolewa na mkono ukapata nguvu, Violeth alikuja na baiskeli kibandani ikaguliwe. "Shikamoo, mjomba," alisema. Yusra alinyoosha mkono kuipokea baiskeli, kama zamani. Violeth akampa mjomba. Mjomba akaikaza breki, akaipanda hadi kwenye kona, akarudi. Violeth akashukuru, akaondoka kuelekea Zuzu peke yake.

"Mjomba, atarudi kuwa rafiki yangu?"

"Sijui," mjomba alijibu. "Sitakudanganya. Kazi mbovu uliifanya dakika tano, na kila fundi hukosea. Lakini kunyamaza ulikuchagua upya kila asubuhi, siku kumi na nne. Ukikosea, Yusra, sema siku hiyohiyo. Kesho yake ukweli unakuwa mzito zaidi, na anayeubeba ni mwenzio."

Akamwekea mbele baiskeli nyingine. Yusra akaitafuta spana namba kumi, akaikaza nati mpaka ikagoma, kisha akaipanda mwenyewe hadi kwenye kona.